Maneno Mawili, Mzigo Mmoja: Vitenzi Visaidizi na Vielezi katika Kiingereza



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo la sarufi ya Kiingereza, ambalo udogo wake ni udogo wa mwiba: hautambuliwi mpaka umekanyagwa. Jambo lenyewe ni jinsi vitenzi visaidizi vya Kiingereza, kama "can", "may", "must" na "will", vinavyoambatana na vielezi, kama "possibly", "probably", "certainly", "always" na "hardly". Twajua ya kuwa wengi miongoni mwenu mmejifunza maneno haya moja moja. Mwanafunzi aweza kutuambia kwamba "may" ni "huenda", au ni kuwa na ruhusa, na kwamba "well" ni "vizuri". Lakini mpe sentensi hii, "He may well come", na mara nyingi atajibu, "Huenda akaja vizuri." Maneno yote ayajua, na maana imempita. Maana ya sentensi hiyo ni, "Yaelekea sana kwamba atakuja." Habari ya uzuri haimo kabisa.

Pengine mtu atauliza, kwa nini tujisumbue na mambo haya? Jibu letu ni kwamba Kiingereza hakiwafikii watu wetu kwa njia ya hadithi tu. Huwafikia katika karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa, katika barua ya chuo, katika masharti ya mkataba, na katika tangazo lililobandikwa penye bomba la maji. Katika karatasi hizo neno la amri, neno la ruhusa na neno la dhana hufanana sana, na aghalabu kinachoyatenga ni kielezi kimoja kidogo. Asiyekitia maanani kielezi hicho aweza kuichukua shaka akaifanya ahadi, au kulichukua katazo akalifanya hiari.

Tuanze na vitenzi visaidizi vyenyewe. Kwa desturi huhesabiwa 9: "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will" na "would". Nyuma yake hufuata ndugu zake wawili, "ought to" na "need". Vitenzi hivi havichukui "s" kwa mtu wa tatu; hatusemi "he musts". Wala hatuweki "to" kati yake na kitenzi kinachofuata, ila kwa "ought" peke yake. Hayo mmekwisha kuyasikia darasani. Lisilosemwa sana darasani ni kwamba karibu kila kimoja kati ya hivyo kina kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kueleza wajibu, au ruhusa, au uwezo. "You must go", yaani, huna budi kwenda. "You may go", yaani, una ruhusa ya kwenda. Kazi ya pili ni kueleza jinsi msemaji anavyoliamini jambo. Akisema, "He must be at home", hapana anayemlazimisha mtu yule kukaa nyumbani. Msemaji ameona mlango u wazi na moshi watoka jikoni, naye amekata shauri moyoni mwake kwamba mwenyeji yumo. Vivyo hivyo "He may be at home" haisemi neno la ruhusa, yasema, "Huenda yumo nyumbani."

Kiswahili chetu nacho chazijua kazi hizi mbili, lakini kina njia yake ya kuzitenga. Sikilizeni sentensi hizi: "Lazima yumo nyumbani" na "Lazima awemo nyumbani." Neno "lazima" ni lile lile, lakini ya kwanza ni dhana na ya pili ni amri, na kila mtoto wetu azipambanua bila kufundishwa. Azipambanuaje? Kwa umbo la kitenzi kinachofuata: "yumo" ni habari, "awemo" ni agizo. Basi Kiingereza hakina mabadiliko hayo. Baada ya "must" hufuata "be" ile ile, iwe amri au iwe dhana. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza hana budi kutafuta dalili nyingine, na dalili moja iliyo bora ni kielezi.

Vielezi vya Kiingereza ni vingi, lakini kwa shabaha yetu ya leo yatosha kuvigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vielezi vya kupima hakika. Tuvifikiri kama vidato vya ngazi: chini wakaa "possibly" na "perhaps", maana yake "labda", katikati wakaa "probably", maana yake "yaelekea", na juu wakaa "certainly", maana yake "bila shaka". Fungu la pili ni vielezi vya kuhesabu mara: "always", sikuzote, "often", mara nyingi, "sometimes", mara nyingine, "never", kamwe. Fungu la tatu ni vielezi vya kueleza namna tendo linavyotendwa: "carefully", kwa uangalifu, "thoroughly", barabara.

Sasa tuviweke pamoja. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Waingereza hupenda mara nyingi kuieleza dhana moja kwa maneno mawili, kitenzi kisaidizi na kielezi, kama wachukuzi wawili walioweka mti mmoja mabegani, na mzigo mmoja waning'inia katikati. "He may possibly come." Hapa "may" yasema huenda, na "possibly" yasema labda. Je, kuna shaka mbili? La, shaka ni moja tu, nayo imekaziwa. Hata sisi husema, "Huenda labda akaja", wala hapana msikilizaji azihesabuye shaka hizo mbili mbili. Vilevile "He must certainly be at home" ina hakika moja iliyochukuliwa na maneno mawili.

Wataalamu wa lugha wameliandika jambo hili. M. A. K. Halliday, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1925, alieleza katika makala yake ya mwaka 1970 kwamba kitenzi kisaidizi na kielezi vikilingana kwa maana hutiana nguvu, na visipolingana kila kimoja hubaki na maana yake, nazo maana zile huongezwa moja juu ya nyingine. John Lyons naye, katika kitabu chake kiitwacho Semantics cha mwaka 1977, aliyasema maneno yanayolingana hivyo kuwa yana upatano. Mfano wetu wa wachukuzi waeleza jambo lilo hilo: maneno yapatanayo huchukua mzigo mmoja, maneno yasiyopatana huchukua kila moja mzigo wake.

Tuangalie basi wachukuzi wenye mizigo miwili. "You may certainly go." Hapa "may" haiwezi kuwa dhana ya shaka, kwa kuwa shaka na hakika hazikai chungu kimoja kwa urahisi. Basi msikilizaji aelewa mara moja kwamba "may" hii ni ya ruhusa, na "certainly" yaipigia ruhusa ile muhuri: "Bila shaka una ruhusa ya kwenda." Kielezi kimetuambia ni kazi ipi ya "may" inayotendwa. Sasa ukisema, "You may possibly go", ruhusa yatoweka na dhana yarudi: "Huenda labda ukaenda." Kitenzi ni kile kile, kielezi ndicho kilichogeuza njia. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa "must". "You must always come early" ni amri, kwa maana "always" yahesabu mara ambazo mtu apaswa kutenda. Lakini "You must surely be tired" ni dhana: "Bila shaka umechoka."

Ili tuone faida ya jambo hili, tumfikiri baba mmoja ambaye mwanawe ameomba nafasi katika chuo. Ana ng'ombe mmoja, naye angoja barua ili ajue kama amwuze kwa ajili ya ada au la. Barua yaja kwa Kiingereza. Yaweza kusema, "Your son may possibly be admitted", maana yake, huenda labda akapokewa. Basi ng'ombe na akae zizini. Yaweza kusema, "Your son may well be admitted", maana yake, yaelekea sana atapokewa. Basi baba na aanze kuuliza bei, lakini asifunge kamba. Yaweza kusema, "Your son will probably be admitted", na hapo tumaini ni kubwa, ila neno halijakwisha. Au yaweza kusema, "Your son will certainly be admitted", na hapo aweza kwenda mnadani kwa moyo mkunjufu.

Lakini kuna barua ya tano, nayo ndiyo inayowadanganya wengi: "Your son may certainly apply again next year." Baba aona neno "certainly" akafurahi, kwani amefundishwa kwamba "certainly" ni "bila shaka". Ni kweli, ni bila shaka. Lakini bila shaka ya nini? "Certainly" hapa yachukua mzigo wa "may", na "may" hapa ni ruhusa. Barua yasema tu, "Bila shaka ana ruhusa ya kuomba tena mwaka ujao." Kwa maneno mengine, mwaka huu hakupata. Mwenye kusoma neno moja moja atauza ng'ombe. Mwenye kupima maneno mawili pamoja atamhifadhi.

Katika lugha hiyo kuna maneno mawili mawili yaliyozoeana kama mke na mume, na haifai kuyatenganisha. "May well" tumekwisha kuiona. Ya pili ni "might as well". "We might as well walk", maana yake, "Afadhali twende kwa miguu tu, maana hapana njia iliyo bora." Ya tatu ni "would rather": "I would rather wait", maana yake, "Napenda zaidi kungoja." Ya nne ni "can hardly", nayo ina hatari yake. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba "hard" ni "kwa bidii", na kwamba vielezi vingi vya Kiingereza huishia kwa "ly", aweza kudhani kwamba "hardly" ni "kwa bidii" pia. Basi aandika barua ya kuomba kazi, na kwa nia njema kabisa aandika, "I can hardly work." Bwana mwenye kazi asoma na kushangaa, kwa maana sentensi hiyo yasema, "Karibu siwezi kufanya kazi." Alilotaka kusema ni "I can work hard." Herufi mbili na mahali pa neno zimemgeuza mtu hodari kuwa mgonjwa.

Tukiwa bado katika "can", na tuonyane juu ya mvua. Sisi husema, "Leo yaweza kunyesha", na kwa sababu hiyo wengi wetu huandika, "It can rain today." Mwingereza hasemi hivyo, kwa jambo moja linalongojewa husema, "It may rain today", au "It may well rain today" ikiwa mawingu yamejikusanya. "Can" huitumia kwa jambo ambalo hutokea kwa desturi mara kwa mara, na hapo huipatia kielezi cha kuhesabu mara: "It can sometimes be very cold in Njombe in July", maana yake, "Mara nyingine Njombe huwa na baridi kali mwezi wa Julai." Mkumbuke hivi: dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya desturi ni "sometimes" na "often".

Sasa tuje kwenye mahali pa kielezi katika sentensi. Kwa kawaida kielezi cha hakika na kielezi cha kuhesabu mara hukaa mara baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza. "The teacher will probably come tomorrow." "She can always ask." Ikiwa vitenzi visaidizi ni viwili au vitatu, kielezi hakingoji mpaka mwisho, huingia baada ya kile cha kwanza: "The boat will probably have arrived", yaani, "Yaelekea chombo kimekwisha kufika." "Perhaps" na "maybe", lakini, hupenda sana kutangulia mbele ya sentensi yote, kama "labda" yetu: "Perhaps he will come." Na katika jibu fupi kielezi hutangulia kitenzi kisaidizi. Mtu akiulizwa, "Will you help us?" hujibu, "I certainly will."

Kielezi cha namna kina tabia nyingine. Hicho hakikai karibu na kitenzi kisaidizi. Hukaa karibu na tendo lenyewe, na aghalabu mwisho. "You must read the letter carefully." Wanafunzi wetu huandika mara nyingi, "You must read carefully the letter", kwa kufuata Kiswahili, kwani sisi twaweza kusema "usome kwa uangalifu barua hii" bila kosa. Kiingereza hakipendi kitu chochote kiingie kati ya tendo na kitu kinachotendwa. Mkitaka kuona tabia hizi mbili katika sentensi moja, tazameni agizo hili, ambalo twatamani liandikwe katika kila jiko: "The water must always be thoroughly boiled." "Always" imekaa na "must", kwa kuwa yaeleza wajibu: sikuzote, bila kuruka hata siku moja. "Thoroughly" imekaa na "boiled", kwa kuwa yaeleza kuchemka: barabara, si kupata vuguvugu tu. Kila kielezi kimesimama karibu na jamaa yake, na kwa kusimama hapo chatuambia jamaa yake ni nani.

Tumefika sasa penye neno "not", na hapa twaomba msikilize kwa makini kuliko penginepo, maana hapa ndipo penye hatari ya mwili na uhai. Mwenye kujifunza hufikiri hivi: "must" ni "lazima", "not" ni "si", basi "must not" ni "si lazima". Hesabu yake yaonekana sawa, lakini jibu ni baya. "This water must not be drunk" haisemi "Si lazima maji haya yanywewe." Yasema, "Maji haya ni marufuku kunywewa." Ukanusho hapa waligusa tendo, wala hauugusi ulazima, ulazima wabaki na nguvu zake zote: ni lazima yasinywewe. Mkitaka kusema "si lazima", tumieni "need not": "You need not drink this water." Kwa hiyo mwenye kufasiri tangazo kama hilo kwa jirani zake, akisema "si lazima", amewafungulia mlango wa maradhi, naye hajui.

Vielezi huingia katika jambo hili na kulitia nguvu. "Must not" ikitiwa "never" mahali pa "not" huwa kali zaidi: "It must never be given to a small child", maana yake, "Kamwe asipewe mtoto mdogo." Na "need not" ikitiwa "always" huwa laini zaidi: "You need not always take it with food", maana yake, "Si lazima sikuzote uinywe dawa hii pamoja na chakula." Tena mwangalie tofauti hii: "She cannot always come" ni "Hawezi kuja sikuzote", yaani, siku nyingine aja. Lakini "She can never come" ni "Hawezi kuja kamwe." Asiyetenga mawili hayo atamngoja mtu asiyekuja, au atamfungia mlango mtu ajaye.

"May not" yenyewe ina nyuso mbili. "He may not come" yaweza kuwa "Huenda asije", na yaweza kuwa "Hana ruhusa ya kuja." Ongeza kielezi, na uso mmoja watoweka: "He may possibly not come", huenda labda asije. Na neno "possibly" lina ajabu yake. Katika "may possibly" lilikuwa neno dhaifu, la kukazia shaka. Lakini likifuata "cannot" hugeuka kuwa kufuli: "He cannot possibly be at home", maana yake, "Haiyumkiniki kabisa kuwa yumo nyumbani." Neno moja, mahali pawili, nguvu mbili. Hii ndiyo sababu twasema kwamba kielezi hakipimwi peke yake.

Mahali pa kielezi penye "not" pana kanuni zake pia. Husemwa, "He probably will not come". "Probably" yatangulia, kwa maana dhana huufunika ukanusho wote: yaelekea kwamba hatakuja. Haifai kusema "He will not probably come." Na neno "really" likihama, maana nayo huhama. "I really cannot help you" ni "Kwa kweli siwezi kabisa kukusaidia". Lakini "I cannot really help you" ni neno la upole zaidi, "Siwezi hasa kukusaidia", kana kwamba msaada kidogo ungepatikana.

Twataja upole, na upole una sehemu yake. Kiingereza cha adabu huyatumia maneno ya shaka ili kupunguza ukali wa ombi au amri. "Could you possibly lend me a pen?" haiulizi kama una uwezo wa kuazima kalamu, ni ombi la heshima, kama sisi tunavyosema, "Tafadhali, naomba kalamu." Lakini tahadhari: mkubwa wako kazini au mwalimu wako akikuambia, "You should perhaps write this again", usidhani kwamba kwa kuwa amesema "perhaps" amekuachia hiari. Mara nyingi amekuagiza uandike tena, ila amelifunika agizo kwa kitambaa cha adabu. Mtoto wetu akiambiwa na babu yake, "Mjukuu wangu, naona ingefaa ukachote maji", je, hukaa akifikiri kama ingefaa au isingefaa? Huchukua ndoo akaenda. Basi na awe na akili hiyo hiyo mbele ya "perhaps".

Kabla hatujaagana, twataka mjue ya kuwa maneno haya hayakuzaliwa na uzito wayachukuao leo. "Can" zamani za kale katika Kiingereza ilikuwa na maana ya kujua. "May" ilikuwa na maana ya kuwa na nguvu. "Must" yatokana na kitenzi kilichokuwa na maana ya kuruhusiwa, na leo yalazimisha. Nasi tusicheke, kwa kuwa kwetu yako hayo hayo. Neno letu "labda" hutajwa kuwa na asili ya Kiarabu, katika maneno yenye maana ya "hapana budi", na "budi" yetu ni ya ukoo uo huo. Basi ndugu wawili walitoka nyumba moja: mmoja amebaki na ulazima, na mwingine amekuwa neno la shaka. Maneno husafiri, na mizigo yake hubadilika njiani. Ndiyo maana haitoshi kuuliza, "Neno hili maana yake nini?" Yatupasa kuuliza pia, "Limefuatana na nani, na limesimama wapi?"

Tukusanye basi tuliyoyasema. Kitenzi kisaidizi kina kazi mbili, ya wajibu na ya dhana, na kielezi hutuonyesha ni ipi. Yakipatana, mzigo ni mmoja na umekaziwa. Yasipopatana, mizigo ni miwili, na kila mmoja upimwe. Mahali pa kielezi patuambia chaambatana na neno gani. Na "not" itazamwe kwanza kabla ya vyote, kwa kuwa "must not" ni katazo, na "need not" ni hiari. Na mtu akiletewa karatasi ya dawa asiyoielewa vema, asiifasiri kwa kubahatisha. Na amwulize daktari au muuza dawa. Kuuliza si ujinga.

 

Zoezi kwa wasomaji

Fasirini sentensi hizi kwa Kiswahili, kisha mtazame majibu yaliyo chini.

1. You may certainly sit here.
2. This door must never be locked.
3. They need not always bring food.
4. He can hardly see.
5. She may well have forgotten.

Majibu

1. Bila shaka una ruhusa ya kukaa hapa.
2. Mlango huu usifungwe kwa ufunguo kamwe.
3. Si lazima walete chakula sikuzote.
4. Karibu haoni, aona kwa shida.
5. Yaelekea sana kwamba amesahau.